Kona ya Nne

Ilomba, Mbeya
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii anakusomea dada Leokadia, na najua ameshaanza kuruka mistari aone mwisho kuna nini. Dada, tulia. Soma polepole kama ninavyoandika. Ukifika mahali sauti ikakukatika, pumzika kwanza, lakini usiruke. Mama ana haki ya kusikia yote.

Mnaendeleaje huko Kihesa? Jicho la kushoto limefikia wapi? Dada aliniambia kwamba sasa mtu akisimama mlangoni unamjua kwa kivuli chake, na kwamba ile dawa ya matone bado inakuwasha. Endelea kuiweka hivyohivyo, mama. Presha ya macho ilishachukua la kulia na haikurudisha, tusiigawie na hili kwa uvivu wa matone. Mgongo je? Na wale kuku waliokuwa wanadonoana, wameacha? Huku mvua inanyesha kila jioni, nguo hazikauki, chumba changu kizima kinanuka sweta.

Mwili wangu ni mzima. Ila moyo, sijui niseme nini. Sikupiga simu kwa sababu ningelia, na wewe ukisikia mtu analia kwenye simu unakata ili asimalize vocha yake. Kwa hiyo naandika.

Nianze na kitabu, maana ndicho ulichonituma. Kitabu nimekosa.

Siku ile naondoka ulinipakatisha kitambaa cha altare, ukachukua kidole changu ukakipitisha pembeni, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu pale utepe unapoishia hewani. Ukaniambia, "Tafuta kitabu. Hata kiwe cha Kihispania, mradi kioneshe kona. Leokadia atanisomea, mimi nitafuata kwa mikono." Ulitaka kitambaa kiwekwe altareni kanisani kwetu ukiwa bado unaweza kukiona. Wenzako wote watano mliofundishwa pamoja wameshatangulia, na ulisema huwezi kwenda kuwasalimia na kitambaa kisichokuwa na mwisho. Niliitikia haraka sana. Nilidhani Mbeya ni jiji, na jiji halikosi kitabu.

Duka la kwanza lilikuwa na vitabu vya mitihani na Biblia za saizi zote. Nikamwambia muuzaji nataka kitabu cha lesi.

"Lesi? Nenda Mwanjelwa kwa wauza mapazia."

"Nataka cha kufundisha namna ya kuisuka. Ile ya Wahispania, ya utepe, inasukwa kwa vijiti juu ya mto."

Akageukia rafu. "Cha darasa la ngapi?"

Nikaenda Mwanjelwa kwa wauza vitabu vya mitumba, nikapekua mpaka kucha zikawa nyeusi. Nilipata cha kufuma kwa kulabu, cha cherehani, na kimoja cha mapishi ya Krismasi ambacho jalada lake lilikuwa na lesi, basi nikakinunua kwa hasira. Dada mmoja wa steshenari hapa Ilomba akanitafutia kwenye kompyuta. Vitabu vya lesi yetu vipo, mama, niliviona kwa macho yangu, utepe uleule unaojikunja na kurudi kama barabara ya Kitonga. Lakini kimoja hakichapishwi tena, na cha pili mwenye kukiuza hatumi Tanzania. Video nazo zipo. Mikono inakimbia, maneno hatuyaelewi, na wewe kioo cha simu hukioni tena. Ulihitaji maneno ya kusomewa, vuka hapa, pinda hapa, chomeka pini. Video haisomeki.

Mwishowe kitabu kimoja kilikuja. Unakumbuka nilikwambia kuna nesi Mhispania aliyekuja kujitolea mwezi mmoja kwenye nyumba ya masista wazee ninakofanya kazi? Alipoondoka nilimpa kile kipande cha mfano ulichonikatia. Akatafuta kwao, akatuma. Nilipokifungua nilikibusu mbele ya watu. Kilikuwa chenyewe kabisa, na picha kubwa, na mishale. Sista Yusta, ndiye anayesimamia wagonjwa na kupiga kengele, alisoma zamani na Wahispania, akakaa na mimi baada ya chakula tukapitia ukurasa kwa ukurasa. Jinsi ya kujaza mto, ndiyo. Jinsi ya kuanza na jozi nane za vijiti, ndiyo. Jinsi ya kuunganisha utepe na jirani yake kwa kulabu, ndiyo. Tulipofika kwenye kona Sista Yusta akasoma mara mbili, akavua miwani.

"Skola, wameandika kwamba kona inageuzwa kama kawaida."

"Halafu?"

"Halafu basi. Wanaendelea na maua."

Kama kawaida, mama! Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Walioandika walijua kwamba kila mwanamke wa kwao amefundishwa kona na bibi yake, kwa hiyo wangepoteza wino wa nini. Hawakuwaza kwamba Kihesa kuna mtu ambaye hiyo kawaida haikumfikia, kwa sababu kila mlipofika konani mwalimu wenu alikuwa anauvuta mto na kusema, "Kona ni yangu." Kona tatu zile zote ni zake. Alipohamishwa, mkadhani amerudi kwao, ya nne ikabaki.

Kuna kitu kingine nilikiona kwenye kile kitabu, nitakisema mbele. Sasa, dada Leo, mpe mama maji, halafu kaa karibu naye.

Mama, mwalimu wenu, Sista Kamwene, hakurudi kwao Hispania. Alikuwa hapa.

Sikujua. Naomba uniamini hapo kwanza. Ninyi mlimwita Sista Kamwene kwa sababu alikuwa anamsalimia kila mtu kwa Kihehe, "kamwene", asubuhi hadi usiku, hata mbuzi. Mimi nilikuwa mdogo, sura yake sikuishika, na jina lake la utawa hapo nyumbani sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote. Huku anaitwa Sista Asunta. Niliajiriwa, nikapewa vyumba vitatu, na chumba cha mwisho ni chake. Nimemwogesha miezi minane. Nimemkata kucha, nimemlisha uji, nimemvisha soksi mbili mbili kwa baridi ya huku mlimani. Kiswahili kilikuwa kimemtoka chote, anasema lugha ya kwao tu, na mara nyingi hasemi. Wote tulijua akili imekwenda, na sisi wafanyakazi tumekatazwa kuwasumbua wagonjwa kwa maswali. Basi nilikuwa nikimaliza kumwosha mikono, natoka mbio kwenda kutafuta kitabu.

Siku moja namvisha sweta, kengele ya saa sita ikalia. Akasimamisha mikono. Akashika nyuzi mbili za pindo la blanketi, akazipishanisha, akapitisha mara mbili, akavuta kushoto. Likatoka fundo dogo, kama punje ya mchele iliyolala ubavu.

Ni fundo lako, mama. Ndilo unalofunga kwenye kila kitu, kwenye gunia la vitunguu, kwenye kamba ya mbuzi, kwenye nywele zetu tulipokuwa wadogo. Ndilo mnalofunga kwenye lesi kila baada ya shibiri moja. Nje ya ninyi sita sijawahi kuliona kwa mtu mwingine duniani. Nikamuuliza Sista Yusta, huyu aliwahi kukaa wapi. Akasema, "Asunta? Iringa, huko Kihesa, miaka mingi tu, kabla hawajamhamisha."

Na hapa ndipo nilipokosea, nalisema bila kulizungusha. Ningekupigia saa ileile. Ungepanda basi asubuhi, mchana ungekuwa hapa, ungemshika. Sikupiga. Nilijiambia nitakupigia nikiwa na kona mkononi. Nilitaka siku nikupigie nikwambie, mama, Sista Kamwene yupo, na hii hapa kona ya nne, njoo. Nilitaka usikie vyote kwa mara moja. Nilijiona mwerevu.

Nikamwomba Sista Yusta ruhusa, akanipa, mradi nisimchoshe. Mto nikashona kwa mfuko wa unga, nikajaza pumba za mpunga za Mbarali kama wako. Vijiti sikuwa navyo, nikaokota kalamu zilizoisha wino, kumi na sita, nikazifunga uzi wa kufumia. Nilimwekea mapajani nikiwa na aibu, kalamu za bluu na nyekundu, mtu mzima. Aliziangalia. Akazigusa moja moja. Halafu akaanza, mama. Kalamu zikalia kama vijiti vyako vinavyolia barazani, na mimi nikaenda kusimama kwenye korido nikalia na ndoo yangu.

Lakini kila siku ilikuwa hivi. Asubuhi anaanza utepe ulionyooka, polepole, vidole vimekakamaa. Akikaribia kona, saa sita inafika, kengele inalia, anafunga fundo, anainua mikono. Baada ya sala na chakula analala. Kesho yake nikimletea mto anautazama kama kazi ya mtu mwingine, mtu mchafu, anafumua yote na kuanza upya. Nikaona nimpunguzie safari, nikamsukia mwenyewe sehemu iliyonyooka mapema ili afikie kona moja kwa moja. Akafumua yangu kwa haraka zaidi.

Nikamwendea Sista Yusta. "Sista, huwezi kuichelewesha kengele? Dakika kumi tu."

"Wee Skola, sala ya Malaika wa Bwana isubiri lesi?"

"Kwa ajili ya altare, Sista."

Akaguna, akaondoka. Kesho yake saa sita ikafika, kengele kimya. Nikamwombea mema. Sista Asunta naye alikuwa amefika konani, na safari hii akaingia. Nilikuwa nimeinama mpaka pua inagusa uzi. Niliona uzi unaotembea ukienda kuelekea upande wa ndani usifike, ukageuka njiani, ukaacha jozi mbili zimelala. Ukaenda tena, ukageuka mapema zaidi. Pini ya ndani ni ileile moja, ya nje zinaongezeka. Hiyo ndiyo siri, mama, upande wa ndani unasubiri wakati wa nje unazunguka. Nikanyoosha mkono nishike jozi zilizolala nijue zitaamshwa vipi. Akanipiga kofi mkononi. Akasema kwa Kiswahili safi, "Kona ni yangu."

Kisha akafunga fundo na kuinua mikono. Hakuna kengele iliyolia. Saa sita ilikuwa tumboni mwake.

Nilijaribu siku zote zilizobaki, karibu wiki tatu. Nilimrekodi kwa simu, na kila video inaonesha migongo ya mikono na sweta. Jozi zikilala naziona, zinavyoamka bila kuacha tundu sijaziona hata mara moja. Siku moja nilimwambia, "Sista, kamwene. Mimi natoka Kihesa." Akageuka kabisa. Akajibu, "Kamwene." Akashika mikono yangu miwili, akaigeuza, akapapasa ncha za vidole kama mtu anayechagua maharage, halafu akairudisha mapajani kwangu. Hakuikataa kwa ubaya. Alikuwa anatafuta ya mtu mwingine, nami nilijua ya nani. Hata hapo sikupiga simu. Nikasema bado kidogo, nimalize kona.

Amefariki Jumatano, mama. Hakuumwa siku nyingi, ni kifua. Tumemzika Ijumaa kwenye makaburi ya masista, mvua inanyesha, tulikuwa watu wachache. Nilitaka kusema mbele yao kwamba Kihesa kuna mwanamke mmoja amebaki, lakini niliokota udongo nikatupa kaburini kama wengine. Nimekunyima kumwona. Kona sikuipata, na mtu nimekukosesha. Kama ningekuwa sijui ningejisamehe, lakini nilijua wiki tatu na zaidi, kila siku nimeshika simu mfukoni. Ukinikasirikia ni haki yako, na ukikaa kimya nitaelewa, ingawa kimya chako ndicho ninachokiogopa.

Sasa kile kitu kuhusu kitabu. Kwenye picha zote za kitabu, hakuna fundo. Utepe unakwenda laini mwanzo mpaka mwisho. Nilimuuliza Sista Yusta, akasema fundo lile halimo kwenye pambo. Ni la kuzuia nyuzi zisiteleze mtu anapoitwa kusali. Alikuwa akiitwa, anafunga, anakwenda. Ninyi mkaona mwalimu anafunga, mkafunga, na kwa kuwa hamkujua lifungwe wapi mkaliweka kila shibiri. Kitambaa chenu kizima kimejaa mahali ambapo Sista aliitwa. Nilifikiri nisikwambie, halafu nikaona nimeshakuficha ya kutosha. Mafundo hayo usiyafumue. Mtu yeyote wa kwao akiyaona atasema ni makosa, na mwache aseme.

Kitambaa hakitakwisha, mama. Natamani niandike vingine. Nimeweka ile siri nusu kwenye karatasi, jozi zinazolala na pini ya ndani, dada akusomee. Najua haitoshi. Najua pia kwamba hata ingetosha, jicho halingetusubiri.

Msalimie baba mdogo akirudi kutoka Ruaha Mbuyuni, mwambie vitunguu alivyonipa mwezi ule nimekula na majirani wakamwombea. Msalimie shangazi, yule anayekupikia Jumapili, na mwenyekiti wa jumuiya yenu ndogo. Mwambie mwenyekiti asiwasubirishe watu habari ya kitambaa. Dada Leo, ahsante kwa macho yako. Ukimaliza kusoma usiondoke chumbani haraka.

Nimempa kondakta wa basi la kesho kifurushi. Ndani kuna kitabu, ukae nacho hata kama hakikusaidii, na kuna kipande cha mwisho alichosuka Sista, nimekizungushia kanga yangu. Kina shibiri moja iliyonyooka na mwanzo wa kona, pini tatu. Nimekikata na kalamu zake zote zikiwa zimening'inia, sikuweza kuzitoa. Kipapase kwa vidole, mama. Utepe wote ni wake, utaujua. Fundo la mwishoni siyo lake. Jumanne ile, siku moja kabla hajafariki, kengele ililia, mikono yake ikabaki juu ya mto, haikuinuka na haikufunga kitu. Nilisubiri mpaka sala ikaisha. Nyuzi zikaanza kuteleza, basi nikafunga mimi. Ni baya, limevutwa kulia. Utalijua ni la nani.

Mwanao,
Skola